Mzio, Viini na Kulikiza: Lugha Inavyomlisha Mtoto Mchanga

Lugha humtangulia tabibu kufika nyumbani. Kabla mama hajaonana na daktari, tayari ana maneno, na maneno hayo yamekwisha kumfundisha jambo. Akiambiwa kwamba mtoto wake ana mzio, anafahamu mara moja kuwa kuna chakula cha kuepukwa. Akisikia kwamba tumboni mwa mtoto mna viini, anafahamu kuwa kuna adui wa kuangamizwa. Akielezwa kwamba wakati wa kulikiza umewadia, anafahamu kuwa titi linaondoka na uji unashika mahali pake. Maneno haya matatu ni ya kale, yanaeleweka, na hayana dosari yoyote yakipimwa kwa mizani ya kamusi. Hata hivyo, kuna suala moja la kisayansi ambalo kwalo maneno yote matatu humwelekeza mzazi upande usiofaa. Suala lenyewe ni uhusiano uliopo baina ya bakteria wa matumbo ya watoto wachanga, vyakula vya kwanza wanavyolishwa, na hatari ya kupatwa na mzio wa chakula.

Makala haya yanashikilia kwamba suala hili si la madaktari na wauguzi peke yao. Ni la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili vilevile. Katika kipindi cha takriban miaka 20, sayansi imegeuza ushauri wake juu ya mzio kutoka "epuka" hadi "lisha". Mageuzi ya aina hiyo hayawezi kumfikia mzazi wa Kiswahili salama iwapo maneno yanayoyabeba bado yanasema yale ya zamani. Kazi inayohitajika basi si kutunga istilahi mpya kwa pupa, bali ni kuyachunguza maneno yaliyopo, kubaini yanachokifundisha bila ya kukusudia, na kuyapatia maelezo yanayostahili.

Mzio: neno linalokataza

Neno mzio lina umri mkubwa kuliko taaluma inayolitumia leo. Kabla ya wataalamu wa istilahi kulichagua liwe jina la ugonjwa, lilikuwa likitumika kwa chakula ambacho mtu hakili kwa sababu kinamdhuru, au kwa sababu ni mwiko kwake. Mtu akisema, "Pweza ni mzio wangu," wanaomsikia hawamwandalii pweza. Kwa hiyo mzio ulikuwa jina la chakula kinachoepukwa kabla haujawa jina la maradhi. Uteuzi wa neno hili ulikuwa wa busara, maana mtu ambaye tayari ana mzio wa karanga hana budi kuziepuka. Kiasi kidogo tu chaweza kumvimbisha koo na kumkata pumzi. Ugumu unazuka pale mantiki ya neno inapovushwa kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtoto ambaye bado hajaugua. Ikiwa mwenye mzio huokolewa na kuepuka, je, asiye nao naye hawezi kukingwa kwa kuepuka?

Wataalamu wenyewe waliwahi kulijibu swali hilo kwa ndiyo. Mwaka 1998, serikali ya Uingereza ilitoa ushauri kwamba watoto wa familia zenye historia ya mzio, pumu au ukurutu wasipewe karanga hadi watimize miaka 3. Mwaka 2000, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wenye watoto walio katika hatari wacheleweshe maziwa ya ng'ombe hadi mwaka 1, mayai hadi miaka 2, na karanga, korosho na jamii yake pamoja na samaki hadi miaka 3. Ushauri huo ulionekana kuwa wa akili timamu. Lakini katika miaka iyo hiyo mzio wa karanga haukupungua, uliongezeka. Nchini Marekani, uchunguzi wa kaya uliofanywa kwa njia ya simu ulionyesha kwamba watoto waliotajwa kuwa na mzio wa karanga walikuwa asilimia 0.4 mwaka 1997, na kufikia mwaka 2008 walikuwa asilimia 1.4.

Mwaka huohuo wa 2008, Profesa Gideon Lack na wenzake wa London walichapisha matokeo ya ulinganisho uliowashangaza wengi. Waliwachunguza zaidi ya watoto 5,000 wa Kiyahudi wanaosoma Uingereza, na zaidi ya 5,000 wengine wanaosoma Israeli. Watoto hao walikuwa na nasaba inayokaribiana, lakini mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 kule Uingereza na asilimia 0.17 tu kule Israeli, yaani tofauti ya takriban mara kumi. Tofauti kubwa iliyobainika katika malezi yao ilihusu chakula. Watoto wa Israeli huanza kula karanga wangali wachanga, hasa katika kitafunwa laini kiitwacho Bamba, ilhali wenzao wa Uingereza walikuwa wamefichwa karanga kama ulivyotaka ushauri wa wakati huo.

Lack alipendekeza maelezo ambayo yamepata nguvu tangu hapo. Mwili una milango miwili ya kufahamiana na chakula. Mlango wa kwanza ni mdomo, ambapo chakula hupita hadi utumboni na kupokewa na mfumo wa kinga uliozoea kuvumilia. Mlango wa pili ni ngozi, hasa ngozi iliyopasuka kwa ukurutu, ambapo vumbi la karanga lililo katika mikono ya wazazi, vitandani na mezani hupenya na kupokewa kama mvamizi. Mtoto aliyenyimwa karanga mdomoni huku nyumba nzima ikila karanga anafahamiana nazo kupitia mlango usiofaa. Hivyo, kuepuka hakukumkinga. Kulimwachia mlango mbaya wazi na kumfungia ulio mzuri.

Dhana ni dhana hadi ipimwe. Mwaka 2015, kikundi hichohicho kilichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto wachanga 640 wa umri wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na ukurutu mkali, mzio wa mayai, au vyote viwili. Nusu yao walilishwa chakula chenye karanga angalau mara tatu kwa juma. Nusu waliepushwa kabisa. Walipofika miaka 5, asilimia 17.2 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, lakini kati ya waliolishwa walikuwa asilimia 3.2 pekee. Mwaka 2024, watafiti waliripoti hali ya watoto haohao wakiwa wamefikia umri wa takriban miaka 13: asilimia 15.4 ya walioepushwa walikuwa na mzio huo, ikilinganishwa na asilimia 4.4 ya waliolishwa, ingawa tangu umri wa miaka 6 kila mmoja aliachiwa ale au asile apendavyo. Wahenga walikwisha kunena kwamba udongo uwahi ungali maji.

Chama cha Marekani kilikuwa kimeuondoa ushauri wake wa kuchelewesha mwaka 2008, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo mwaka 2009. Yaani wataalamu walirudi nyuma. Lakini neno mzio halikurudi. Bado linasema, "Epuka." Msemaji wa Kiswahili anayeambiwa kwamba ndugu wa mtoto wake ana mzio wa mayai atamnyima mtoto mdogo mayai, naye atadhani anatii sayansi, ilhali analitii neno.

Viini: si kila mgeni ni adui

Chakula kinachoingia tumboni mwa mtoto hakipiti katika mfereji mtupu. Kinapita katika mji wenye wakaaji wengi. Mnamo mwaka 1899, Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris alitenga bakteria wenye umbo la tawi kutoka katika choo cha mtoto aliyekuwa akinyonya. Ni hao wanaoitwa bifidobakteria. Tangu wakati huo imebainika kwamba maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya mia moja ambazo mtoto mwenyewe hana uwezo wa kuzimeng'enya. Sukari hizo ni kijenzi cha tatu kwa wingi katika maziwa hayo, mbali na maji, zikitanguliwa na laktosi na mafuta. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini mwili wa mama utumie nguvu kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukila? Jibu ni kwamba chakula hicho ni cha bakteria. Mama anaponyonyesha huwa anawalisha wawili kwa pamoja: mtoto, na bifidobakteria walio ndani ya mtoto.

Wakaaji hao hulipa kodi ya pango. Huutia utumbo uchachu usiowapendeza bakteria wengi waletao maradhi. Baadaye, mtoto anapoanza kula nafaka, matunda na mboga, huja bakteria wengine wanaovunjavunja nyuzinyuzi za mimea na kutoa asidi ya butiriki, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kusaidia kukuza seli za kinga zenye kazi ya kutuliza badala ya kushambulia. Seli hizo ndizo zinazouwezesha mwili kukiona chakula kigeni na kukiacha kipite kwa amani. Hapa ndipo bakteria, chakula na mzio vinapokutana.

Ushahidi wa jambo hili ni wa viwango mbalimbali, na ni vyema usichanganywe. Mwaka 2019, Cathryn Nagler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua bakteria kutoka katika choo cha watoto wachanga wenye afya na cha watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, wakawapandikiza katika panya waliolelewa bila ya bakteria wowote. Panya waliopewa bakteria wa watoto wenye afya walikingika dhidi ya mzio wa maziwa. Waliopewa bakteria wa wenye mzio hawakukingika. Hilo ni jaribio, na linaonyesha sababu, ila ni sababu katika panya. Kwa binadamu, tafiti nyingi huonyesha uandamano tu: watoto wenye mzio huwa na bakteria tofauti na wenzao. Ushahidi wa kuwalisha watoto karanga mapema ni mzito zaidi kuliko ushahidi wa kutibu mzio kwa bakteria. Mfanyabiashara anayemwuzia mzazi chupa ya bakteria kwa ahadi ya kuzuia mzio anatangulia mbele ya sayansi.

Hata kwa tahadhari hiyo, jambo moja halina shaka: wengi wa bakteria walio katika utumbo wa mtoto mwenye afya si wagonjwa wala si waletao ugonjwa. Na hapa lugha inakwama. Katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, neno viini huja na "vya maradhi" hata lisipotamkwa. Vijidudu navyo ni vya kunyunyiziwa dawa. Vimelea hula mwili wa mwenyeji wao. Mtoto wa shule ya msingi aliyefundishwa sayansi kwa maneno haya, na mama aliyesikia matangazo ya sabuni redioni kwa maneno hayahaya, hawana jina la kumwita mkaaji mwema wa tumbo. Kisichokuwa na jina ni vigumu kukilinda.

Bila shaka fundisho la usafi halipaswi kupuuzwa. Kipindupindu na homa ya matumbo havijatoweka, na kunawa mikono kunaokoa maisha. Anayejenga hoja kwamba uchafu ni dawa anapotosha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumkinga mtoto dhidi ya maji machafu na kumpa viuavijasumu kila anapopata mafua, ambayo husababishwa na virusi visivyoguswa na dawa hizo. Dawa zilizokusudiwa kuua bakteria wabaya huua na wema waliopo jirani. Mzazi anayefahamu kwamba vyote vilivyomo tumboni ni viini hataona hasara yoyote katika maangamizi hayo.

La kutia moyo ni kwamba utamaduni wenyewe una maarifa ambayo msamiati wa kitabibu umeyasahau. Nyumba nyingi nchini zinajua maziwa lala. Wakalenjin wana mursik. Uji uliochachushwa unajulikana katika pembe nyingi za Afrika Mashariki. Kila anayeweka chachu katika kibuyu anajua kwamba kuna kitu hai kisichoonekana kinachofanya kazi ya manufaa humo. Lugha ilikipa jina chachu, ikakiweka jikoni, kisha ikawapa madaktari viini vya maradhi pekee. Mwalimu wa Kiswahili anayemweleza mwanafunzi kwamba utumbo wa mtoto una chachu yake amekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwalimu wa biolojia.

Kulikiza: kuondoa au kuongeza?

Neno la tatu ndilo lenye hatari ya karibu zaidi. Kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Wapo waandishi wa vitabu vya afya wanaotumia "vyakula vya kulikiza" kwa maana ya vyakula vya kwanza anavyopewa mtoto anayeendelea kunyonya. Matukio mawili yamefungiwa katika neno moja: kuanza kwa uji na kukoma kwa maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2001, limeshauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kwa mujibu wa ushauri huo, kati ya kuanza uji na kuacha ziwa kuna mwaka mmoja na nusu. Neno kulikiza linaufuta muda huo wote.

Bakteria wenyewe huitambua tofauti hiyo. Mwaka 2015, watafiti nchini Uswidi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia akina mama 98 na watoto wao katika mwaka wa kwanza wa maisha. Waligundua kwamba kilichoubadilisha zaidi utumbo wa mtoto ukafanana na wa mtu mzima ni kukoma kwa kunyonya, wala si kuanza kula vyakula vigumu. Mtoto aliyekuwa akila na kunyonya bado aliwahifadhi bifidobakteria wake. Kwa hiyo kuongeza chakula na kuondoa ziwa ni matukio mawili katika biolojia, na lugha inayoyaita kwa jina moja imeyaunganisha yasiyoungana.

Nchini Kenya pana funzo jingine kuhusu uji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watoto wachanga wa pwani ya kusini ya nchi walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi, baadhi wakipewa wenye madini ya chuma na wengine usio nayo. Chuma ni muhimu, maana upungufu wa damu huwaathiri watoto wengi. Lakini waliopewa chuma walipungukiwa na bifidobakteria, na bakteria waletao maradhi wakaongezeka pamoja na dalili za uvimbe utumboni. Utafiti mwingine wa eneo hilohilo, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba chuma kikiambatanishwa na sukari maalumu zinazolisha bifidobakteria, madhara hayo hupungua. Hapa haikukusudiwa kuwatisha wazazi waache chuma. La maana ni kwamba kila kinachotiwa katika bakuli la mtoto huwalisha wawili, kama yalivyofanya maziwa ya mama, na anayepanga lishe ya mtoto hana budi kuwafikiria wote wawili.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Kuna wanaosema kwamba mzio wa chakula ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika mwenye njaa hana nafasi ya kuufikiria. Pingamizi hili lina chembe ya ukweli, ila linazidi kupitwa na wakati. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto wa umri wa miezi 12 hadi 36 kwa njia ya kuwalisha chakula chenyewe mbele ya madaktari. Jijini Cape Town, asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula. Mashambani mwa Eastern Cape, walikuwa asilimia 0.5. Tofauti hii imo ndani ya nchi moja ya Kiafrika. Maisha yanayobadilika mtu anapohama kutoka shamba hadi jiji, yaani chakula, mifugo, namna ya kujifungua na wingi wa dawa, hayangoji pasipoti ya Kizungu. Miji ya Kenya nayo inapanuka. Lugha itakayosubiri tatizo liwe kubwa ndipo itafute maneno itakuwa imechelewa.

Wengine wanadai kwamba kutumia neno "aleji" kutamaliza utata. Kukopa si kosa, na Kiswahili kimekopa tangu kale bila ya kupungukiwa. Lakini aleji haimwambii mama chochote. Mzio angalau unamwambia nusu ya ukweli. Njia bora ni kulihifadhi neno mzio na kulifafanua: mzio ni hali ya mwili kukipinga chakula kisicho na kosa; aliye nao aepuke, asiye nao asinyimwe. Sentensi hiyo yaweza kukaririwa katika kliniki yoyote.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wahudumu wa afya wenyewe. Wanahofia kwamba habari za kulisha mapema zitavuruga mafanikio yaliyopatikana kwa jasho. Takwimu za kitaifa za afya na idadi ya watu zinaeleza sababu ya hofu hiyo. Mwaka 2003, ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Kiwango kilipanda hadi asilimia 32 katika uchunguzi wa 2008–09 na asilimia 61 mwaka 2014, na mwaka 2022 kilikuwa asilimia 60. Iwapo mama atasikia kwamba "mapema" ni bora, naye akampa mtoto wa miezi miwili uji mwepesi uliokorogwa kwa maji yasiyochemshwa, atamwepusha na mzio ambao pengine asingeupata, na kumkaribisha kuhara ambako kwaweza kumwua.

Hofu hii ni ya haki, na jibu lake limo katika usahihi wa lugha. "Mapema" katika tafiti zilizotajwa maana yake si kabla ya wakati; ni kutochelewesha wakati ukifika. Kwa mtoto wa kawaida, mwezi wa 6 unatosha, na umo ndani ya muda uliotumiwa katika jaribio la 2015. Kwa mtoto mwenye ukurutu mkali, au ambaye amekwisha kuonyesha dalili za mzio, uamuzi wa lini na namna gani ni wa daktari, si wa jirani. Msemo kwamba dawa ya moto ni moto haumfai yeye. Aliyekwisha kuungua hapelekwi jikoni bila ya mtu wa kumshika mkono. Isitoshe, kulisha karanga si kumpa mtoto punje nzima, ambayo yaweza kumsakama. Ni kumpa karanga zilizosagwa zikalainika na kukorogwa katika uji. Karanga hizo zichaguliwe kwa uangalifu, zisiwe zenye ukungu. Kenya haijasahau mwaka 2004, watu 125 walipofariki Mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na karanga hushambuliwa na ukungu uohuo.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Ni bayana kwamba maelezo haya yote yanahitaji mtu anayeijua sayansi na mtu anayeijua lugha waketi meza moja. Mara nyingi hawaketi. Kijitabu cha lishe huandikwa kwa Kiingereza, hukabidhiwa mfasiri siku za mwisho, na mfasiri hutafuta kisawe katika kamusi akaridhika. Kamusi itampa mzio, itampa viini, itampa kulikiza. Tafsiri itakuwa sahihi neno kwa neno, na mama atafundishwa kinyume cha kilichokusudiwa.

Vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vinaweza kuibadilisha hali hii bila ya kungoja fedha za wafadhili. Mwanafunzi wa isimu anaweza kukusanya vijitabu vya afya ya mtoto na kuchunguza neno kulikiza limetumiwa kwa maana ipi katika kila kimoja. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuwasomea akina mama sentensi mbili, moja yenye "vyakula vya kulikiza" na nyingine yenye "vyakula vya kuongezea maziwa ya mama", kisha akawauliza wameelewa nini. Mhadhiri wa leksikografia anaweza kudai kwamba kamusi ijayo isiishie kusema bakteria ni viini vinavyosababisha magonjwa, bali ieleze kwamba wapo waletao ugonjwa na wapo wasaidiao. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi linaloomba maabara. Zote zinahitaji masikio na uaminifu.

Kwa muda mrefu wapenzi wa Kiswahili wamepigania lugha hii itambuliwe kuwa inaweza kubeba sayansi. Wametoa orodha za istilahi kama ushahidi, na kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini lugha haibebi sayansi kwa kuwa na jina la kila kitu. Huibeba pale mama anayeisikia anapofanya uamuzi ulio sahihi jioni hiyohiyo, akiwa na bakuli mkononi na mtoto magotini. Mtoto huyo hana habari kwamba wataalamu walibadilisha ushauri wao mwaka 2008. Anachongoja ni kijiko, na kitakachotiwa ndani yake kitategemea neno ambalo mama yake alipewa.